Namna ya Kuutumia Tena Udongo Uliosafishia Mafuta ya Kupikia: Kuanzia Kichujio cha Kiwanda hadi Mboji na Matofali

Mafuta ghafi ya mawese ni mekundu, na mtu aliyezoea mafuta yaliyotakata ya madukani Nairobi hawezi kuyatambua akiwekewa mezani. Ili yatakate, kiwanda huyachanganya na unga wa udongo aina ya bentonaiti ambao umetiwa asidi ili unase vizuri, huyapasha moto wa nyuzi 90 hadi 110 za selsiasi ndani ya tangi lililoondolewa hewa kwa muda wa nusu saa hivi, kisha huyapitisha kwenye kichujio. Rangi, utomvu, masalio ya sabuni na chembe za madini hubaki kwenye udongo, mafuta hupita, na kichujioni hubaki keki ya kijivu au ya hudhurungi. Kwa kawaida kila kilo 100 za mafuta huhitaji kati ya nusu kilo na kilo mbili za udongo huo. Kiwanda cha kusafisha tani 100 kwa siku, kikitumia kilo moja kwa kila kilo 100, huingiza tani moja ya udongo na kutoa tani moja na theluthi hivi ya keki, kwa sababu udongo hutoka mzito kuliko ulivyoingia.

Kinachouongezea uzito ni mafuta ulioyanywa, ambayo huwa kati ya asilimia 20 na 40 ya keki yote. Mwongozo huu wote unayafuata mafuta hayo. Ndiyo yanayouwasha udongo ukiwa umelala ghalani, ndiyo yanayoua mimea ukimwagwa mbichi shambani, na ndiyo hayo hayo yanayolisha vijidudu vya mboji na kuchoma tofali kutoka ndani.

Maswali ya kuuliza kabla ya kupakia

Usiupokee udongo kwa sababu tu unapewa bure. Uliza kwanza kama umetoka kwenye mafuta ya kula, kwa maana wanaosafisha upya mafuta ya injini nao hutumia udongo wa jamii hii, na keki yao ikionekana kwa mbali haina tofauti kubwa na hii yetu. Ile ina metali nzito na sumu za petroli, na haifai kuingia kwenye mboji hata kidogo. Pua itakusaidia, kwa kuwa udongo wa mafuta ya kula hunuka kama karai la mandazi lililosahauliwa wiki nzima, ilhali ule mwingine hunuka gereji. Hata hivyo, pua haitoshi, kwa hiyo dai maelezo ya maandishi kutoka kiwandani.

Uliza pia kama udongo ulitumika kabla au baada ya mafuta kugandishwa kwa haidrojeni. Kazi hiyo ya kugandisha hufanywa kwa kichocheo cha nikeli, na udongo unaochuja mafuta baada ya hatua hiyo unaweza kubeba nikeli hiyo. Mimi huukataa moja kwa moja, maana sitaki kuanza kubishana na mteja wa mboji kuhusu kiasi gani ni salama.

Aina ya mafuta nayo ni muhimu. Mafuta ya mawese yana thamani ya iodini ya 50 hadi 55, nayo ya soya na ya alizeti ya kawaida huzidi 110. Namba hiyo ikiwa kubwa, mafuta hula oksijeni ya hewani kwa haraka zaidi na kutoa joto zaidi, kwa hiyo udongo wa alizeti ni wa kuangaliwa kama mtoto anayejifunza kutambaa. Mwisho, uliza ulitoka kichujioni saa ngapi. Wengi husahau swali hili, na ndilo linalokuambia kama unapakia udongo uliopoa au makaa yaliyojificha.

Usafirishaji una sheria zake. Chini ya kanuni za usimamizi wa taka, anayebeba taka barabarani anahitaji leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 imeongeza mkazo wa kutenganisha taka na kuzitumia tena badala ya kuzizika. Mwenye mkokoteni anayekuahidi kukuletea magunia usiku kutoka Eneo la Viwanda hadi Mukuru anakuuzia kesi. Na udongo usiofika kwa mtu wa kuutumia hufika kwingine: Mto Ngong unapita pale pale kati ya viwanda na vitongoji, na mafuta yakishaingia mtoni hutanda juu ya maji na kuyazuia kuvuta hewa.

Kuuzuia usijiwashe

Gramu moja ya udongo mpya wa aina hii, ukizitandaza nyuso za vijitundu vyake vyote, huzidi mita za mraba 150. Mafuta yanapotandazwa membamba namna hiyo hukutana na oksijeni kila upande, huungana nayo polepole na kutoa joto. Katika tabaka jembamba joto hilo hupotelea hewani, lakini katika lundo halina pa kutokea, hivyo hujilimbikiza, joto lenyewe huharakisha muungano huo, na baada ya saa kadhaa au siku mbili tatu lundo hutoa moshi kutoka tumboni bila mtu yeyote kuwasha kiberiti.

Nililijua hili kwa kuambiwa, na bado nikalipuuza. Katika mwaka wangu wa kwanza nilipokea shehena Ijumaa jioni, nikapanga magunia ya nailoni ukutani hadi kimo cha mtu, nikafunga mlango na kwenda nyumbani. Jumamosi asubuhi jirani alinipigia simu kwamba banda linafuka. Magunia ya nje yalikuwa mazima na ya baridi; yale ya katikati yalikuwa yamekuwa meusi, na tulipoyavuta ili kuyatoa yalipata hewa na kushika moto mikononi mwetu. Tangu siku hiyo sivuti kitu kinachofuka kabla bomba la maji halijafika na kufunguliwa.

Utaratibu ninaoufuata sasa ni huu. Sipokei keki yenye joto la zaidi ya nyuzi 40 ndani yake, nayo hupimwa kwa kipimajoto chenye mkuki mrefu, si kwa kiganja. Ikishuka, huitandaza siku hiyo hiyo kwenye sakafu ya saruji kwa kina kisichozidi shubiri moja, mbali na mbao, matambara na nyaya za umeme, au huichanganya papo hapo na kitu chenye majimaji kama samadi au udongo wa matofali uliolowekwa. Isipowezekana, huijaza kwenye mapipa ya chuma hadi ukingoni ili isibaki nafasi ya hewa, kisha huyafunika kwa vifuniko vinavyokaza. Kunyunyizia maji husaidia, mradi ukumbuke kwamba udongo ukikauka tena hatari hurudi. Lundo lolote linalolala hupimwa asubuhi na jioni, na likifika nyuzi 50 hutandazwa na kumwagiwa maji. Usiingie peke yako kwenye chumba kilichofungwa chenye udongo unaofuka, kwa sababu moto wa namna hiyo usio na hewa hutoa monoksidi ya kaboni, hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Ukiukausha na kuuchekecha, vaa barakoa inayokaza usoni, kwa kuwa vumbi lake lina silika, ambayo mapafu yakishaipokea hayawezi kuitoa.

Kuyapima mafuta kwa jiko na mizani

Maabara itakupa jibu sahihi zaidi, lakini makadirio ya kufanyia kazi unaweza kuyapata mwenyewe. Omba kiwandani kiganja kimoja cha udongo mpya ambao haujatumika. Kausha udongo mpya na uliotumika, kila mmoja kwenye sahani yake, kwa joto la nyuzi 105 hivi hadi uzito usibadilike, huku tabaka likiwa jembamba na wewe ukiwa hapo hapo. Pima gramu 100 za kila mmoja, uweke kwenye kopo la chuma, uchome nje ya nyumba juu ya makaa mekundu hadi moshi ukome na udongo ukose weusi, kisha upime tena.

Tuseme ule mpya umebaki gramu 92, nao uliotumika umebaki gramu 66. Udongo wenyewe, hata bila mafuta, hupoteza asilimia 8 kwa moto huo, kwa sababu ya maji yaliyofungika ndani ya madini yake. Gawanya 66 kwa 0.92 upate karibu 72, ambazo ndizo gramu za udongo mkavu zilizokuwemo. Zilizobaki kufikia 100, yaani 28, ni mafuta pamoja na uchafu mdogo ulionaswa. Andika namba hiyo kwenye pipa, kwa sababu viwango vyote vinavyofuata vinaitegemea.

Pima na uchachu. Koroga sehemu moja ya udongo kwenye sehemu tano za maji safi, uache utulie, kisha utumbukize karatasi ya kupimia pH. Mara nyingi utakuta chini ya 5, kutokana na asidi iliyotiwa kiwandani.

Zipo njia nyingine ambazo nitazigusa tu. Mafuta yanaweza kukamuliwa kutoka kwenye udongo kwa heksani na kutumika kutengenezea sabuni au dizeli ya mimea, lakini mvuke wa heksani hushika moto hata kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na kazi hiyo ni ya mtambo uliofungwa wenye wahandisi, si ya ua wa jua kali. Anayejaribu kutumia petroli badala yake anatafuta mazishi. Mafuta hayo yakipatikana, kamwe hayarudi jikoni. Tanuri za saruji, kama zilizoko Athi River, zina moto wa nyuzi 1,450 unaoweza kuteketeza mafuta huku udongo wenyewe ukiwa sehemu ya malighafi, ila kiwanda cha saruji huzungumza na mwenye malori, si mwenye mapipa kumi. Kuufinyanga kuwa makaa ya kupikia sikushauri kabisa: karibu theluthi mbili ya uzito wake hubaki jikoni kama majivu, na moshi wake hukata koo. Kwa mtu mdogo zimebaki mboji na matofali.

Mboji

Udongo mbichi ukimwagwa shambani, mafuta hufunika chembe za ardhi na maji ya mvua huteleza juu yake. Kisha vijidudu huanza kuyala mafuta hayo, na kwa kuwa mafuta hayana nitrojeni, vijidudu huichukua ile iliyokuwa ya mimea, ambayo hugeuka njano kana kwamba haijawahi kuona samadi. Dawa ni kuwapa vijidudu karamu yao mahali pengine kwanza, tena wakiwa na nitrojeni ya kutosha.

Kwa udongo wenye asilimia 25 ya mafuta, mimi huanza na kilo 100 za udongo, kilo 200 za samadi ya kuku, kilo 60 za maranda ya mbao yasiyo na rangi wala dawa, na kilo 100 za mabua au maganda makavu ya mahindi. Mchanganyiko huo una kaboni mara 25 hivi ya nitrojeni, nao mafuta yote ni kama asilimia 5 tu ya lundo. Ukiwa na udongo wenye asilimia 35 ya mafuta, punguza udongo hadi kilo 70, usiongeze kitu kingine. Samadi ya kuku hupatikana kwa wafugaji wa Kiambu na viungani mwa jiji, nayo maganda ya mahindi hujaa sokoni msimu wa mahindi mabichi, ambapo wauzaji hushukuru mtu akiyazoa. Mabaki ya mboga ya soko la Marikiti yanafaa pia, ila ni maji matupu, hivyo yahesabu kama maji.

Rekebisha uchachu kabla ya kuchanganya. Tia majivu ya kuni au chokaa ya shamba kidogo kidogo kwenye udongo uliolowa, ukipima, hadi pH ifike 6 au 6.5, na uishie hapo. Ukizidisha chokaa kisha ukaikutanisha na samadi ya kuku, utasikia amonia ikikupanda puani, na hiyo ndiyo nitrojeni uliyoinunua ikikimbia.

Mpangilio wa kuchanganya una maana. Pondaponda keki na uipitishe kwenye wavu wenye matundu ya sentimita moja, kwa kuwa bonge likibaki zima hewa haiingii ndani yake na miezi mitatu baadaye utalikuta lilivyokuwa. Changanya udongo na maranda kwanza, mpaka kila chembe ya mti ipake mafuta, ndipo ulete mabua na mwisho samadi. Ongeza maji hadi ukifumbata konzi moja itoe tone moja au mawili tu. Jenga lundo lenye upana wa mita moja na nusu na kimo kisichozidi hapo, kwenye sakafu isiyopitisha maji, ulifunike kwa turubai wakati wa mvua za Machi hadi Mei, huku pembeni ukiacha pa kupumulia.

Ndani ya siku chache joto litafika nyuzi 55, na kwa sababu mafuta ni chakula chenye nguvu nyingi, lundo hili hupanda zaidi na kukaa na joto kwa muda mrefu kuliko la samadi na majani pekee. Hali ya nyuzi 55 hadi 65 ni njema, kwani huua mbegu za magugu na vimelea. Likizidi 65, lipindue na ulinyunyizie maji. Mwezi wa kwanza mimi hulipindua mara mbili kwa juma, kisha mara moja. Likipoa mapema huku harufu ya mafuta yaliyochacha ikingali ipo, mara nyingi limekauka au limeshindiliwa, na mara chache limepungukiwa samadi.

Baada ya miezi mitatu au minne chukua konzi ya mboji, uikaushe kivulini, uiweke juu ya karatasi nyeupe na uikandamize kwa jiwe usiku kucha. Doa linalopitisha mwanga linaonyesha kwamba mafuta bado yamo. Karatasi ikiwa safi, panda mbegu 20 za sukuma wiki kwenye mchanganyiko wa mboji na udongo nusu kwa nusu, na nyingine 20 kwenye udongo peke yake. Zikiota 18 kwenye udongo peke yake na 10 kwenye mboji, iache mboji mwezi mwingine. Wauza miche walio kando ya barabara kama Ngong Road ni wateja wazuri, lakini mche mmoja ukiungua kwa sababu ya mboji yako habari hutangulia kufika kwa wenzao.

Mboji hii hubeba bentonaiti, udongo unaoshika maji na virutubisho, kwa hiyo mashamba yanayofaidika zaidi ni ya kichanga, kama mengi ya Ukambani. Kule Embakasi, ambako udongo mweusi hupasuka kiangazi na kunasa gumboti masika, mkulima hahitaji kuongezewa udongo wa kuvimba.

Matofali

Jijini wengi hujenga kwa mawe ya machimbo, lakini tofali la kuchoma bado lina wateja, na tanuri lake ndipo mafuta haya hulipa kwa haraka. Kilo moja ya mafuta ina nishati ya megajuli 38 hivi, nayo kuni kavu zina 16 au zaidi kidogo. Tofali la kilo 3 lililotiwa asilimia 5 ya udongo wetu lina gramu 150 zake, ambazo zikiwa na robo ya mafuta hutoa karibu megajuli 1.4, sawa na gramu 85 za kuni kavu. Kwa matofali 1,000 hizo ni kilo 85 za kuni ambazo hukununua. Anayekuambia kwamba tanuri litajichoma lenyewe hajapiga hesabu.

Chagua udongo mwekundu wa mfinyanzi badala ya ule mweusi. Bentonaiti husinyaa inapokauka, kwa hiyo ongeza mchanga au unga wa matofali yaliyovunjika, kiasi cha sehemu moja kwa kumi, ili tofali lisipasuke. Loweka, kanyaga hadi mchanganyiko uwe wa rangi moja, ulaze usiku mmoja chini ya turubai, kisha ufyatue kwa kalibu. Fyatua mafungu matatu madogo: lisilo na udongo wa mafuta, lenye asilimia 5 na lenye asilimia 10, ukiweka alama kwa msumari kwenye kila tofali pamoja na mstari wa sentimita 10 wa kupimia msinyao. Yakaushe kivulini, Februari siku kumi hutosha, lakini katika manyunyu ya Julai nimengoja wiki tatu.

Uchomaji ndio unaohitaji subira. Mafuta huanza kutoka na kuwaka kati ya nyuzi 200 na 500, na ukiharakisha hapo, nje ya tofali hufunga kabla kaboni ya ndani haijateketea, nawe ukilivunja utakuta kiini cheusi, pengine na uvimbe. Nenda na moto mdogo kwa saa nyingi, ukiacha njia za hewa wazi, hadi moshi mweupe mzito ugeuke mwepesi, ndipo uongeze kuni kufikia nyuzi 900 hadi 1,000. Moshi huo wa mwanzo unawasha macho na koo, kwa hiyo tanuri hili halijengwi nyuma ya nyumba za watu.

Yakipoa, vunja moja la kila fungu na uangalie kiini. Mengine yapime yakiwa makavu, yazamishe majini saa 24, yafute na uyapime tena. Tofali la gramu 2,500 likitoka na gramu 2,950 limenyonya asilimia 18. Mafuta yaliyoungua huacha vijitundu, hivyo fungu la asilimia 10 litakuwa jepesi na litazuia joto vizuri zaidi, lakini litanywa maji mengi na kubeba mzigo mdogo. Langu likivuka asilimia 20 naliuza kwa kuta za kugawanya vyumba na kwa wajenzi wa oveni za mikate, na kwenye risiti ninaandika kwamba si la msingi wala la ukuta wa nje usiopigwa lipu.